Kipande Mlangoni kwa Kajiru

“Chuma hakikatiki siku kinapokatika.” Ndivyo alivyowaambia Fundi Mgonja jana mlipompelekea ile shafti iliyokatika, chuma kinachozungusha mashine ya kusaga, kisha akainuka akaenda kunywa chai, akawaacha mmeduwaa. Ndivyo alivyo huyo tangu utoto wake, hutoa neno akaondoka na ufunguo wake. Sasa mmekuja kwangu wanne kwa pamoja, mnataka kujua chuma kinawezaje kukatika siku ambayo hakikukatika. Haya, kaeni. Nakijwa, nawe sogea karibu, najua kwa nini umejibanza huko nyuma na hicho kifurushi chako. Methali hii ilianza hivi, wala sikuisikia kwa mtu, maana ilianzia mlangoni kwangu.

Miaka ile nilikuwa mke kijana, mwanangu wa kwanza ana miezi mitano mgongoni, na babu yenu Kajiru alikuwa dereva wa treni ndogo katika shamba la mkonge la Kwembosi. Treni yenyewe ilikuwa kichwa kimoja cha dizeli na troli saba, juu ya reli nyembamba ambayo mtoto angeweza kuiruka. Siku za kazi ilibeba majani ya mkonge kutoka mashambani kwenda kiwandani. Jumamosi troli moja ilifagiliwa, ikafungwa mabenchi, ikatupeleka akina mama na watoto kliniki, ng'ambo ya korongo. Juu ya korongo lile kulikuwa na daraja la chuma lisilo na kingo. Tulilizoea, tukawa tunalivuka tukinyonyesha na kusengenyana.

Kambini kwetu neno kipande lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ilikuwa kadi ya kazi, ile iliyowekwa alama kila siku ukimaliza sehemu yako. Aliyenyang'anywa kipande hakuwa na kazi, na asiye na kazi hakuwa na chumba kambini. Maana ya pili ilikuwa desturi. Kwembosi ilikuwa na watu wa kila kabila, na kila kabila lilikuja na mambo yake, sijui hili lilikuja na nani. Kitu kikikuvunjikia mkononi, jembe, mtungi au kinu, kipande chake hutundikwa mlangoni kwako mpaka mwenzako naye avunje chake. Mimi mwenyewe nilikaa wiki nzima na kigae cha bakuli mlangoni, na kila jirani aliyepita aliniuliza, “Mama, leo umetuvunjia nini?” Tulicheka. Sheria ya mchezo ule ilikuwa fupi: aliyeshika ndiye aliyevunja.

Lakini mchezo ulihamia karakana, na huko haukuwa mchezo tena. Miezi miwili kabla ya mkasa wetu, ekseli ya troli moja, yaani kile chuma kinene kinachoshika magurudumu mawili, ilikatika mikononi mwa dereva aitwaye Ndimangwa, mtu mpole wa Kigoma. Ikatundikwa mlangoni kwake. Ijumaa ile meneja akamnyang'anya kadi, Jumamosi akaondoka na mkeka wake begani. Na sisi, Mungu atusamehe, tulisema dereva yule alikuwa na mkono mzito.

Kisha ikaja zamu ya Kajiru. Ilikuwa Jumanne mchana, anashuka na majani mabichi kutoka shamba namba tisa, mvua imenyesha na mzigo umekuwa mara moja na nusu. Alipomaliza tu kulivuka daraja, ekseli ya troli ya tatu ikakatika, troli ikapinduka, na mpakiaji mmoja akavunjika mfupa wa bega. Jioni walikuja watu wa karakana na kile kipande, urefu wa mkono wangu, wakakifunga kwa waya kwenye mwimo wa mlango. Hakuna aliyetania. Nyapara alisema tu kwamba meneja ataamua Ijumaa, na kila mtu alijua ameshaamua.

Mnajua kilichoniuma zaidi? Kajiru mwenyewe alikubali. Alikaa kitandani, akaitazama mikono yake, akasema, “Usinitetee, Naelijwa. Nilivuta breki kwa nguvu pale kwenye mteremko. Mkono wangu unajua.”

“Unavuta breki pale kila siku,” nikamwambia.

“Basi Jumanne nilizidisha.”

Nikaanza kufunga vyombo. Huo ndio ukweli, sikuwa shujaa, nilikuwa nafunga sufuria kwa kamba nikilia.

Asubuhi yake nilikaa kizingitini kumnyonyesha mtoto, na kile kipande kilikuwa kinaning'inia mbele ya pua yangu. Jua la asubuhi lilipiga moja kwa moja pale palipokatika. Kama wangekitupa kwenye chuma chakavu nisingekiona maisha yangu yote. Walinitundikia ili nione aibu, nami nikaona kitu kingine.

Inabidi mjue kwamba kwetu Upareni mama yangu alikuwa mfinyanzi, na nimekulia kwenye udongo. Mnunuzi akirudisha chungu na kudai kwamba kilipasuka jana, mama hakubishana naye. Alikipasua palepale na kutazama ndani ya ufa. Ufa wa jana ndani yake ni msafi, rangi ya udongo uliochomwa. Ufa wa siku nyingi umeshaingiwa na masizi na mafuta ya mboga, ndani ni mweusi. Basi nilipokitazama chuma kile, nikaona robo yake tu ndiyo iliyong'aa, imekatika vibaya, chembechembe kama chumvi ya mawe. Sehemu nyingine yote ilikuwa nyeusi, laini, na ndani ya weusi ule mlikuwa na mistari iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kama ile inayobaki ndani ya mtungi maji yanapopungua siku hadi siku.

Nikapitisha kidole. Kikatoka na grisi.

Kushusha kipande kabla ya mwingine kuvunja chake ulikuwa mwiko. Nilikishusha. Mtoto mgongoni, chuma kichwani juu ya kata, nikakatiza kambi nzima mpaka karakana, na majirani wakaacha kutwanga kunitazama. Fundi mkuu aliitwa Sempombe, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, mkali kwa kila mtu na hasa kwa nafsi yake. Ndiye aliyenifundisha kwamba mkali si lazima awe mbaya.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Kipande hakishushwi.”

“Kimeshashuka. Naomba ukitazame pale kilipokatika.”

Alitazama kwa heshima ya kumridhisha mke wa mtu. “Kimeshika kutu,” akasema. “Kimelala nje na umande.”

“Kutu ni nyekundu, fundi. Hii ni grisi. Chuma kilikuwa kizima mpaka Jumanne, grisi iliingiaje ndani yake?”

Alikichukua, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akavaa miwani vizuri. Alipitisha dole gumba juu ya ule weusi, akarudia. Kisha akaanza kuihesabu ile mistari kwa ncha ya msumari, midomo ikicheza bila sauti, na alipofika katikati aliacha kuhesabu, akaketi juu ya fuawe.

“Hapa pamesuguana,” akasema. “Pande mbili za ufa zimesuguana mpaka zikalainika. Hii si kazi ya siku moja. Hii ni miezi.” Akakigeuza kwenye mwanga. “Kilianza kama unywele, pale chuma kinapoingia kwenye gurudumu. Kila kilipozunguka kilipinda kidogo na kunyooka, na ufa ukasogea kidogo. Kajiru alikuta kimebaki hiki kidogo kinachong'aa. Robo tu ndiyo iliyokuwa inabeba mzigo wote.”

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kushukuru. Yeye akainuka bila kuniitikia, akaenda nyuma kwenye lundo la chuma chakavu, nikamsikia akifukua. Alirudi na kipande cha pili. Kilikuwa cha Ndimangwa. Alikifuta kwa tambara, tukatazama wote wawili. Kilikuwa cheusi vilevile, na kinachong'aa kilikuwa kidogo kuliko cha kwetu.

“Hiki nilikitundika kwa mkono wangu,” akasema Fundi Sempombe. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Nimewaona wanaume wengi wakikosea, wachache nimewaona wakilia kwa ajili ya aliyeonewa.

Sasa likabaki swali lililomtisha. Ekseli nyingine kumi na mbili zilikuwa bado zinazunguka, za umri mmoja na hizo mbili, na ufa mwembamba kama unywele jicho haliuoni. Nikamwambia jinsi mama alivyotafuta ufa wa mtungi. Hujaza maji, hukausha nje, hupaka majivu makavu, kisha husubiri. Penye ufa, majivu hulowa.

“Maji hayapenyi kwenye chuma,” akasema.

“Na mafuta ya taa?”

Alinitazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Mafuta ya taa hupenya popote, kila aliyewahi kuweka kibatari kabatini anajua.

Alhamisi treni haikwenda shamba. Meneja alifoka, fundi akamwambia afoke lakini treni haitoki. Waliinua troli, wakasafisha ekseli zote, wakazipaka mafuta ya taa, wakayaacha yapenye, wakafuta mpaka zikakauka, wakapaka chokaa. Kisha wakazigonga kwa nyundo na kungoja. Tisa zilibaki nyeupe. Tatu zilitoa mstari. Ulichomoza polepole kwenye chokaa, mwembamba, wa rangi ya chai, ukizunguka chuma karibu na gurudumu, mahali palepale kwa zote tatu. Mmoja wake ulikuwa umezunguka zaidi ya nusu. Nikauliza hiyo ni ya troli ipi.

“Ya kliniki,” akasema fundi.

Nikaketi chini kwenye mafuta na vumbi. Jumamosi iliyopita tu nilikuwa nimelivuka daraja juu ya chuma hicho, mtoto akinyonya, akina mama kumi na saba pamoja nami, na dereva alikuwa baba wa mtoto huyo. Mpaka leo nikikumbuka mstari ule wa rangi ya chai huwa nasema alhamdulillahi kama walivyosema majirani zangu, ingawa mimi ni Mlutheri. Mungu ataelewa.

Ijumaa meneja aliketi kwenye meza yake nje ya ofisi, kadi ya Kajiru mbele yake. Watu walijaa. Fundi Sempombe aliweka vipande viwili juu ya meza, kimoja huku na kimoja huku, akaeleza. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Akauliza, “Fundi, jibu moja. Ekseli hii ilikatika Jumanne, au haikukatika Jumanne?”

“Ilikatika Jumanne.”

“Aliyekuwa anaendesha Jumanne ni nani?”

Fundi alikuwa hodari wa chuma, si wa maneno, akababaika. Nami sikuitwa kusema, ila mdomo ulinitangulia. “Bwana meneja,” nikasema, “ilikatika Jumanne, lakini siku ilipokatika siyo siku ilipoanza kukatika. Ilikuwa inakatika tangu kiangazi, kila siku kidogo, na kila dereva aliyeipeleka na kuirudisha aliikata kidogo, na kila mzigo, na kila mvua. Kama aliyeshika ndiye aliyevunja, basi wote tumeshika. Hata mimi niliyekaa juu yake nikienda kliniki nimeikata.”

Watu walicheka, maana ilikuwa kweli na ilikuwa ndefu. Meneja alikichukua kipande, akakitazama, akapitisha kidole kama nilivyofanya mimi, akakitazama kidole chake. Kisha akaisukuma ile kadi mezani hadi kwa Kajiru. Kajiru hakuichukua. Alikuwa ameshika kipande cha chuma, anatazama ule weusi. “Kumbe si mimi,” akasema, taratibu, ananiambia mimi peke yangu mbele ya watu wote. Maneno hayo matatu ndiyo niliyoyapenda kuliko yote aliyoniambia katika ndoa yetu, na aliniambia mengi mazuri.

Maneno yangu mimi yalibaki kambini yakitembea. Jioni ileile walikuwa wameshayapunguza. Mpishi wa kiwandani alisema hivi, wachota maji wakasema vile, kila mdomo ukikata palipozidi, mpaka baada ya wiki mbili likabaki neno dogo mlilolisikia jana. Mimi nilitoa gogo, Kwembosi ndiyo iliyochonga kijiko.

Fundi Sempombe hakulala na ushindi. Alitaka kujua chuma kinaishi muda gani. Ile ekseli ya kliniki aliifunga kwenye fremu karakana, akaizungusha kwa mkanda wa mashine, magunia ya mchanga yakining'inia kwake, na kila siku aliandika ukutani kwa chaki. Yenye ufa ilidumu siku nne. Akafunga nzima, ikazunguka mwezi na zaidi. Akafunga nzima nyingine akaiongezea magunia mawili tu, nayo ikafa kabla ya nusu ya muda wa mwenzake. Ndipo tukaelewa majani mabichi ya shamba namba tisa yalikuwa yanakula nini. “Chuma hakisahau mzigo,” alikuwa akisema, “kila mmoja kinauweka.” Siku ya kifo cha ekseli hakuijua, na hakujifanya kuijua. Alichojua ni umri ambao nyingi hufika, basi akazistaafisha kabla, misimu mitatu na hakuna zaidi, na zile za shamba namba tisa miwili.

Na vipande vya chuma havikutundikwa tena mlangoni kwa mtu. Ekseli iliyomaliza misimu yake ikiwa nzima ilipakwa chokaa, na dereva wake aliiwekea mkono na kusema, “Ahsante, umetubeba.” Alianza Kajiru, kwa utani, na wenzake wakamcheka. Mwaka uliofuata hakuna aliyecheka, na dereva aliyesahau kushukuru alirudishwa karakana. Ya kwanza kustaafu ilitundikwa mbele ya shule iwe kengele. Ilikuwa nzima, kwa hiyo ililia vizuri.

Ndimangwa mnamuulizia? Fundi alimfuata mwenyewe, safari ya siku mbili, akamkuta shamba jingine anakata mkonge. Alimwonyesha kipande chake na kumwomba radhi. Ndimangwa alikubali radhi, kazi akaikataa, akasema mlango uliotundikiwa kitu haulaliki vizuri. Kila mwaka alitutumia mawese kwa mtu anayepita. Nayo pia nashukuru, ingawa kila chupa ilikuwa inanikumbusha kwamba tulipita mlangoni kwake tukacheka.

Kajiru aliendesha miaka kumi na tisa zaidi, hakupindua hata toroli. Chumba tulichokuwa tufukuzwe Ijumaa ile ndimo walimozaliwa wazazi wenu wawili. Kwa hiyo msiniulize kwa nini naipenda methali hii. Ninyi mnaishi ndani yake.

Nakijwa, mjukuu wangu, sasa lete hicho kifurushi. Najua akina mama wa kikundi chenye ile mashine ya kusaga wanasema ilifia mikononi mwako, na kesho wana kikao cha kukutoa. Najua pia wewe umeshakubali kwamba ni mkono wako, maana nimekuona unavyoutazama, na macho hayo nimeshawahi kuyaona. Fungua khanga. Usinipe mimi hiyo shafti, macho yangu yamezeeka. Ipeleke mlangoni penye mwanga, utazame pale ilipokatika, kisha upitishe kidole.

Haya. Kimetoka na nini?

Basi usilie, au lia kidogo tu, kisha uende na chuma hicho kikaoni hivyohivyo kilivyo, usikifute. Wakikuuliza nani alikuwa ameshika, waambie ni wewe. Wakikuuliza ilikatika lini, mpe kila mmoja apitishe kidole chake, halafu uwaambie tulivyosema Kwembosi: chuma hakikatiki siku kinapokatika.